Gurudumu la Kushoto

Miyuji, Dodoma
9 Juni 2024

Baba mkwe wangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi na mjukuu wako Rukia hatujambo, ila kipupwe cha Miyuji mwaka huu kinauma hasa, tunalala na mablanketi mawili mawili. Barua hii anakuletea shemeji Hashimu na basi lake. Nimeibandika gundi kila upande ili asiisome njiani. Ningekutumia ujumbe wa simu, lakini simu yako anakaa nayo yeye, na tangu masikio yako yafunge, kila ninachokuandikia kinasomwa na nyumba nzima ndipo kikufikie. Hili nataka tuongee wawili.

Nimemwamsha Kobe. Ile Volkswagen ya bluu uliyompa mwanao siku ya harusi yetu imekaa chini ya turubai uani tangu msiba. Nimenunua betri, nimemimina petroli, ameitika. Juzi nilimpeleka mpaka Makutupora na kurudi. Ila akishika mwendo anavuma mbele, kama cherehani yangu inapodai mafuta, na mvumo unazidi kadiri unavyokanyaga.

Nadhani unajua ni nini. Wiki ile ya mwisho marehemu alikuwa anabadilisha beringi za magurudumu ya mbele. La kushoto alilimaliza, akaendesha siku mbili tatu. La kulia alisema atalifanya Jumamosi, na Jumamosi hiyo hakuiona. Mtu ambaye hakuumwa hata siku moja. Karudi msikitini Ijumaa, akaanguka pale pale uani penye jeki. Daktari akasema ni sukari, imekaa mwilini muda mrefu. Nikamwuliza sukari ipi, mimi ndiye niliyekuwa nampikia na kumfulia. Akaniuliza kama mume wangu hakuwahi kulalamika. Nikamwapia kwamba hakuwahi.

Beringi za upande wa kulia bado ziko kwenye boksi lake, chini ya meza yangu ya kushonea. Kisomo cha mwaka ni mwezi wa nane, na nataka nije Kolo na Kobe mwenyewe, nimwegeshe mlangoni kwako. Tafadhali usiniambie nimpeleke gereji. Sitaki mkono wa mtu mwingine. Nifundishe.

Mkweo,
Mwajabu


Kolo, Kondoa
16 Juni 2024

Mama Rukia,

Marahaba. Waalaykum salaam. Barua imefika na gundi yake yote. Hashimu aliileta amevaa ile fulana ya bluu ya mwenzio, bado mpya kabisa, nikamtazama mpaka akaona aibu akaenda kuvaa koti.

Nilitaka kukuambia umpeleke gereji, umenikataza kabla sijasema. Mama mkwe wako, Mungu amrehemu, alinizoesha nisibishane na mwanamke aliyeshika mkasi. Basi tufanye kazi. Anza na la kulia.

Piga jeki, lakini jeki usiiamini, weka gogo chini. Vua tairi. Katikati utaona kifuniko mfano wa kikombe cha kahawa, kigonge pembeni taratibu kitoke. Ndani kuna nati inayobanwa na skrubu ndogo. Legeza skrubu, fungua nati, vuta dramu ije kwako. Beringi ya nje itakuangukia, idake. Ya ndani iko nyuma ya sili, ule mpira wa kuzuia grisi. Dramu ina vikombe vya chuma ambamo beringi hukaa, navyo vigonge vitoke, usichanganye kipya na cha zamani. Safisha kwa petroli mpaka uione sura yako.

Grisi usiipake juu juu kama mafuta ya mtoto. Iweke kiganjani, uikandamizie beringi mpaka itokee upande wa pili. Ukitoka hapo una mikono ya kibarua, usishone nguo ya mtu siku hiyo.

Sasa nisikilize vizuri kuliko pote. Ukirudisha nati, ikaze huku unazungusha dramu, halafu irudishe kidogo. Nyuma ya nati kuna washa, pete bapa ya chuma. Isukume kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya kidole tu. Ikisogea kwa shida ndogo, hapo ndipo. Ikigoma, umekaza mno, beringi itaungua. Ikisogea ovyo, umelegeza, tairi litayumba. Spana haiwezi kukuambia hilo. Kidole ndicho kinachojua.

Ukimaliza la kulia, fungua na la kushoto ulitazame. Kule karakana ya wilaya nilipofanya kazi ujana wangu wote, gari haikutoka upande mmoja tu ukiwa umeonwa.

Mzee Khamisi


Miyuji
30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefanya. Nakuandikia nikiwa na grisi kwenye kucha ambayo hata majivu hayaitoi, na mteja wangu wa gauni la sendoofu amelitazama gauni, akatazama mikono yangu, akaenda zake.

Kila ulichosema kilikuwa vilevile. Beringi ya nje ilinidondokea nikaidaka, nikafurahi peke yangu kama mtoto aliyedaka mpira. Vikombe vya chuma ndivyo vilivyonitoa jasho. Niligonga mpaka jirani yangu Dorkasi akaja kuuliza kama navunja nyumba. Alipoona nimelala chini ya gari na kanga yangu kiunoni akaketi kwenye ndoo, akasema hatoki mpaka aone mwisho wake. Yeye ndiye aliyenishikia taa chini ya dramu.

Ile washa nyuma ya nati ilinichukua muda. Mara imegoma, mara inacheza. Halafu ghafla nikaisikia, shida ndogo hasa kama ulivyosema. Ni kama uzi wa cherehani unapokaa sawa kwenye bobini, huwezi kumweleza mtu ambaye hajashona. Nikafahamu kwa nini mwanao alikuwa akifumba macho anapofanya kazi hii.

Nimemjaribu barabara ya Arusha. Kelele imepungua. La kushoto sikuona haja ya kulifungua, beringi zake ni mpya, alizifunga yeye.

Rukia anakusalimu. Anataka kujua kama yule mbuzi mweupe ameshazaa.

Mwajabu


Kolo
7 Julai 2024

Mama Rukia,

Marahaba. Mbuzi amezaa mapacha, mwambie mwenzangu. Na wewe hongera. Nimewasomea barua yako wazee wenzangu wawili na sasa wanataka uje uwatazamie trekta.

Ila umeandika kelele imepungua. Sikukuuliza kama imepungua. Beringi nzima haivumi kidogo, haivumi kabisa.

Nikufundishe ninavyofanya mimi, ambaye hata mtoto akilia mbele yangu namwona mdomo tu. Inua gurudumu. Lizungushe kwa mkono mmoja, na wa pili uweke kwenye mkono wa chuma unaolibeba gurudumu. Tulia. Beringi ikiwa nzima, kiganja hakitasikia kitu, chuma kitakaa kimya kama mtu aliyelala. Ikiwa mbovu utasikia mchanga unasagwa ndani. Magari yote yaliyopita hapa tangu niwe kiziwi nimeyapima hivyo, na sijakosea. Fanya kulia, kisha kushoto.

Na la kushoto ulifungue. Usinijibu kama wakili.

Mzee Khamisi


Miyuji
18 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefanya ulivyotaka. Jana nimelifungua la kushoto. Nati ilitoka vizuri tu kama ile ya kulia, beringi nimezikuta safi, nimeongeza grisi na kurudisha. Kelele imekwisha.

Mambo ya kisomo yanakwenda. Mchele nitaununua huku, maana Hashimu amesema huko umepanda. Rukia nimemshonea gauni la kijani na mtandio wake. Nikipata nafasi nitakushonea na wewe kanzu, nitumie kipimo cha mkono kwa uzi.

Mwajabu


Kolo
23 Julai 2024

Mama Rukia,

Marahaba. Kipimo cha mkono sikutumii, maana kwanza tuna mazungumzo.

Hujalifungua gurudumu hilo.

Nati ya kushoto kwenye Volkswagen haifunguki kama ya kulia. Inakwenda kinyume. Pale unapofungulia wenzake, yeye unamkaza. Wazungu waliifanya hivyo ili gurudumu likizunguka kwenda mbele lisiilegeze. Tena waya wa mita ya spidi unapita katikati ya gurudumu hilo na kutokea kwenye kifuniko, umefungwa kwa pini, na usipoitoa pini kifuniko hakivuki. Mtu hawezi kulifungua la kushoto akaniambia lilitoka vizuri kama la kulia. Angeniandikia matusi.

Sikusahau kukuambia. Niliacha kwa kusudi. Kila niliyemfundisha kazi nilimwonyesha la kulia tu, la kushoto nikanyamaza, ili likimshinda aje mwenyewe kuuliza. Anayekuja kuuliza ni fundi. Anayevunja nati ni mbishi. Wewe hukuuliza wala hukuvunja, kwa hiyo hukugusa.

Sina hasira nawe. Nina hofu. Kutoka Miyuji mpaka hapa kuna miteremko, na utakuwa na mtoto. Beringi ikiungua inang'ang'ana, na ikikatika gurudumu linaondoka peke yake. Usilete gari hilo Kolo kama hujalifungua. Ukilileta nitakaa ndani, sitatoka kukupokea.

Nini kimo ndani ya gurudumu hilo unachonificha?

Mzee Khamisi


Miyuji
27 Julai 2024

Baba,

Nisamehe. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nilipima kwa kiganja siku ile ile barua yako ilipofika. La kulia lilikuwa kimya kabisa. La kushoto lilikuwa na mchanga, Baba, mchanga mwingi, mpaka nikautoa mkono haraka. Nimejua tangu siku hiyo. Nikakudanganya.

Ndani hamna kitu. Ni nje. Kwenye kile kifuniko kuna alama ya kidole gumba. Alikikandamiza kwa mkono wenye grisi, vumbi la uani likaganda juu yake, na ikabaki. Mistari yote inaonekana, na kile kikovu cha pancha alichokatwa na ringi. Niliiona siku nilipovua turubai. Nguo zake mlichukua mkagawa, ndivyo inavyotakiwa, sikuzuia. Kitanda nimekigeuza. Sauti yake ilikuwa kwenye simu, na simu iliibiwa stendi. Kimebaki kidole hicho.

Na hata isingekuwa kidole. Lile gurudumu ni kazi yake ya mwisho duniani. Alilifunga yeye, akanawa, akala, akaniambia Kobe sasa ana mguu mmoja mzima. Nikilifungua, nikilifunga tena, litakuwa la kwangu. Hakutakuwa na kitu tena ambacho yeye ndiye aliyekigusa mwisho.

Najua ni ujinga. Najua kuna mtoto. Lakini kila nikichukua spana mkono wangu unakataa, na sina mwingine wa kumwambia haya.

Umeandika barua zote hizi, Baba, na hujalitaja jina lake hata mara moja. Mwenzio, unasema. Nilidhani labda wewe utanielewa.

Mwajabu


Kolo
31 Julai 2024

Mwanangu,

Nakuelewa.

Siku ile hospitali walipotukabidhi, shehe alisema niwaachie vijana wamwoshe, mimi nikae. Nikakataa. Nilimwosha mwenyewe. Mikono yake niliiosha mimi, kidole kwa kidole, na ile grisi ya kwenye kucha uliyosema haitoki kwa majivu nilihangaika nayo mpaka shehe akanigusa bega kwamba inatosha, maji yamekwisha fika. Ilibaki kidogo. Amezikwa nayo. Kwa hiyo alama ya kidole chake usinieleze sana, naijua.

Jina lake silitaji kwa sababu nikilitaja nalisikia. Sisikii kitu kingine chochote duniani, radi wala adhana, lakini hilo nikilitamka peke yangu nalisikia.

Sasa chukua spana. Sikuamrishi kama fundi, nakuomba. Nimezika mmoja. Mchanga uliousikia hautakuwa na huruma kwa sababu aliyelifunga tulimpenda. Pini ya waya kwanza, halafu kifuniko, halafu nati, nayo kumbuka ni kinyume. Ukilia lia, lakini funga mtandio vizuri usije ukanaswa.

Chochote utakachokitoa humo nitumie na Hashimu. Nataka kukishika.

Khamisi


Miyuji
5 Agosti 2024

Baba,

Anakuletea Hashimu kibati cha maziwa. Beringi zimo humo, zote mbili za gurudumu la kushoto, nimezifunga kwa kitambaa. Nimelifungua Jumapili.

Alama imefutika. Nilikivua kifuniko kwa uangalifu, kikatoka, na kidole kikawa bado kipo. Nikakiweka juu ya tofali. Halafu nikakichukua kupangusa grisi ya ndani, na kiganja changu kikapita juu yake. Nilipotazama ilikuwa doa tu jeusi. Nimekaa chini pale uani mpaka Rukia akarudi madrasa. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu.

Lakini si hilo lililonifanya niandike kwa haraka. Nati ilikuwa imekazwa, Baba. Imekazwa kama na mtu aliyekusudia isifunguke tena mpaka Kiyama. Nilizungusha kinyume kama ulivyosema, ikagoma. Nikaingiza bomba kwenye spana, nikasimama juu ya bomba kwa miguu yote miwili na Dorkasi akanishika mkono, ndipo ikalia ikaachia. Ndani grisi imekuwa nyeusi kama masizi, na beringi mpya zile zimeungua, zina rangi ya bluu. Utaziona.

Kwa hiyo alikosea. Ile washa ya kusukumwa kwa kidole, ile uliyoniambia nisikilize kuliko pote, mimi mshona nguo niliiweza siku ya kwanza. Yeye aliyekuwa akifumba macho na kutabasamu alikaza kama kibarua wa siku moja. Nimekasirika, Baba, nimemkasirikia kwa mara ya kwanza tangu afe. Nilitunza kitu mwaka mzima, nilikudanganya wewe kwa ajili yake, na ilikuwa kazi mbovu. Angeweza kumwua mtoto wake.

Nieleze. Wewe ndiye uliyemfundisha.

Mwajabu


Kolo
9 Agosti 2024

Mwanangu,

Nimezishika. Nimekaa nazo kwenye mkeka, nimezizungusha kiganjani, na mchanga ulioniandikia nimeukuta.

Mwenye kazi hii nilimfundisha akiwa hajaota ndevu. Nilimfunga macho kwa kitambaa nikamwambia akaze, arudishe, asukume washa, aseme lini. Hakunikosea. Baadaye hata mimi nilipokuwa na wasiwasi nilimwita aje aguse. Mtu wa namna hiyo hasahau, kama wewe usivyoweza kusahau kutunga uzi sindanoni.

Hakukosea kichwani. Mtu anakaza namna hii anapokuwa hasikii anachokigusa. Anasukuma washa, kidole hakimwambii kitu. Anakaza kidogo, bado hakimwambii. Anaogopa ameacha imelegea, maana ana mtoto wa kumpandisha humo, anakaza tena, na tena, na hamwiti mtu. Alikaza kwa sababu ya hofu, akaziunguza kwa sababu ya hofu.

Sukari ikikaa mwilini huanza na vidole. Yule daktari alikuuliza, nawe ukaapa. Hukuapa uongo, hukuwa unajua. Lakini kitu hiki cha bluu nilichokishika hapa kinasema vidole vyake vilikufa ganzi kabla yake, na alijua, na alituficha sote.

Wewe ulikuwa unakaa naye. Jaribu kukumbuka, mwanangu. Alikuwa anashikaje vitu?

Khamisi


Miyuji
12 Agosti 2024

Baba,

Nimekumbuka, na ningependa nisingekumbuka.

Miezi yake ya mwisho alianza mchezo. Asubuhi akishavaa shati anakuja mpaka kwenye cherehani, anasimama mbele yangu kifua wazi, mikono nyuma kama askari. Anasema, "Mke fundi cherehani, vifungo ni kazi yako." Namwambia aondoke, nina kazi za watu. Hatoki. Basi namfunga, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, na nikifika cha shingoni ananibusu kwenye paji la uso, anakwenda zake. Hata Ijumaa ile, kanzu ya msikitini, nilimfunga mimi. Jioni akirudi ni vilevile, nimfungue.

Nilikuwa nasimulia, Baba. Kwenye eda wanawake walipokuja kunikalia, kila mtu na habari ya mumewe, mimi nilikuwa natoa hiyo. Kwamba miaka yote ile ya ndoa na bado alikuwa ananitaka nimfunge vifungo kama bwana harusi. Joha, mke wa Hashimu, alilia aliposikia. Ndiyo niliyoishi nayo mwaka huu. Wengine wana nyumba, mimi nilikuwa na vifungo.

Kumbe hakuweza. Alisimama mbele yangu kila asubuhi na vidole vilivyokufa, akacheka, akanifanya na mimi nicheke, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuona uzi mmoja uliolegea kwenye nguo ya mtu, sikuona. Mikono nyuma. Alikuwa anaificha.

Sasa sina hata hilo. Kidole nimekifuta kwa kiganja changu, na vifungo umevifuta wewe kwa kalamu yako. Sikulaumu, niliuliza mwenyewe. Lakini nijibu na hili, maana wewe ndiye uliyemlea na hunidanganyi. Ilikuwa ganzi tu? Nilidhani ni mapenzi.

Mwajabu


Kolo
15 Agosti 2024

Mwanangu Mwajabu,

Hashimu anakuletea beringi mpya, ameziulizia mpaka akazipata. Nati kinyume, washa kwa kidole. Ukifika njia panda ya Kolo utaniona barabarani. Simama, nitaweka kiganja mlangoni, halafu tutakwenda nyumbani pamoja, mimi nikae mbele.

Barua yako imenikuta nachambua alizeti. Nimeisoma, nikaacha alizeti, nikaenda chumbani kwa Hashimu bila kubisha hodi. Nguo za mwenzio tulizozichukua baada ya msiba nilimpa Hashimu azitunze, nyingi hazijagawiwa, sikuweza. Nimezitandaza zote kitandani. Joha alikuja akasimama mlangoni, akaona uso wangu, akaondoka.

Mashati yamechakaa. Wewe ni fundi, ungeona kabla yangu: matundu ya vifungo yamelegea yote, mengine uzi umetoka, kwa kufungwa na kufunguliwa kila siku. Fulana ni mpya. Ile ya bluu kaianza Hashimu; ya kijani, zile nyeupe ulizomnunulia sikukuu ya Idi, hata mikunjo ya dukani bado ipo. Mwenyewe hakuzivaa hata moja.

Mimi ni mtu wa vyuma, mapenzi siyajui kuyaeleza. Lakini mtu mwenye vidole vilivyokufa, ambaye anataka tu kuficha, huvaa fulana. Anaingiza kichwa, amemaliza, wala hamwombi mtu. Fulana zilikuwepo kabatini kwake tele.

Ibrahimu kila asubuhi alichagua shati.

Baba Ibrahimu